Joseph Thomson katika Nyanda za Ubena: Elimu ya Mawe, Kumbukumbu ya Watu na Dhamiri ya Mkristo

Katikati ya mwaka 1879, msafara wa watu wapatao 150 ulitoka Dar es Salaam kuelekea maziwa makuu ya bara. Ulipita bonde la Rufiji, ukavuka nchi ya Mahenge, ukapanda Uhehe, ukapita Ubena, na mwezi Septemba ukafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Aliyeuongoza kwa jina alikuwa kijana Mskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, aliyeajiriwa kuwa mwanajiolojia na mchunguzi wa viumbe asilia. Aliyeuongoza njiani, siku kwa siku, alikuwa Mwafrika mbatizwa, James Chuma.

Ndugu msomaji mpendwa, nyanda walizopita watu hao ndizo hizi tunamoishi sisi waamini wa Lyamkena, Makambako na jimbo zima la Njombe. Tunapotafakari mintarafu ya elimu, historia na utunzaji wa nchi aliyotukabidhi Mungu, maisha ya Thomson yanatupa somo lenye pande mbili. Alikuwa mtu wa ukweli na wa amani, jambo lililokuwa adimu miongoni mwa wasafiri wa nyakati zake. Hata hivyo, elimu na upole wake vilikuja kuwatumikia watu waliokuwa na nia nyingine kabisa. Makala haya yanaeleza maisha hayo, na kuuliza yanadai nini kwa Mkristo wa leo.

Mtoto wa machimbo ya mawe

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi aliyekuja kumiliki machimbo ya mawe, na hivyo mtoto alikua akiona jinsi mwamba unavyopasuliwa tabaka baada ya tabaka. Mwaka 1875 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma jiolojia kwa Archibald Geikie, mmoja wa wanajiolojia mashuhuri wa karne ile, na elimu ya viumbe kwa Thomas Huxley, mtetezi maarufu wa nadharia ya Darwin.

Jina hilo la Huxley huwafanya baadhi ya waamini kudhani kwamba jiolojia ni elimu iliyozaliwa ili kuipinga imani. Ukweli wa historia ni tofauti. Kanuni ya kwanza ya jiolojia, kwamba tabaka la chini la mwamba ni la zamani kuliko lile lililolala juu yake, iliandikwa mwaka 1669 na Nikolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark aliyekuwa amepokelewa katika Kanisa Katoliki miaka miwili kabla. Steno alipadirishwa mwaka 1675, akawekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1677, akafa katika ufukara mwaka 1686. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Kwa hiyo, kijana anayejifunza shuleni kwamba miamba ya nchi yetu ina umri wa mamilioni ya miaka hana sababu ya kuogopa kwamba amemwacha Mungu. Kadiri ya mafundisho ya Kanisa, imani na akili hutoka kwa Mungu mmoja, na ukweli haupingani na ukweli. Maandiko Matakatifu yanatufundisha ni nani aliyeumba na kwa nini aliumba; miamba inatusimulia kazi hiyo ilivyoendelea katika nyakati ndefu.

Kifo cha kiongozi huko Behobeho

Thomson alipomaliza masomo mwaka 1878, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kinatayarisha msafara chini ya Keith Johnston, mtaalamu wa ramani. Thomson aliomba nafasi akaipata. Wote wawili walifika Zanzibar mapema mwaka 1879, na mwezi Mei wakaanza safari ya bara.

Wiki chache baadaye Johnston alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alifariki tarehe 28 Juni 1879 huko Behobeho, mahali ambapo leo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, akazikwa huko huko. Thomson alibaki peke yake, bila uzoefu wowote wa kuongoza watu. Angeweza kurudi pwani bila kulaumiwa na mtu. Aliamua kuendelea, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa peke yake kwa kweli: alikuwa na Chuma.

James Chuma, mtu aliyeijua njia

Chuma alikuwa Myao wa nchi za Ziwa Nyasa. Alipokuwa bado mtoto alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, akakombolewa mwaka 1861 na David Livingstone pamoja na wamisionari wa Kianglikana. Baadaye alipelekwa India, akasoma, akabatizwa kwa jina la James. Mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na Livingstone na kumfuata mpaka kifo chake mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndipo Chuma, Abdullah Susi na wenzao walipoukausha mwili wa Livingstone kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo.

Waamini Wakatoliki wana sababu ya kuikumbuka safari hiyo. Mwili ulipofika Bagamoyo mwezi Februari 1874, ulipokelewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, na ukalazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Misioni ile ile iliyokuwa ikiwapokea watoto waliokombolewa utumwani ilimpokea pia Chuma, naye alikuwa mmoja wa waliokombolewa.

Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi katika msafara wa Thomson. Alijua lugha, desturi za kuomba njia kwa watemi, namna ya kugawa mizigo na namna ya kutuliza ugomvi. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, akiwa bado na umri wa miaka thelathini na kitu. Vitabu vingi vinasema kwamba Thomson alifika Ziwa Nyasa. Ni haki kusema pia kwamba Chuma alimfikisha.

Mwenda pole hajikwai

Thomson alikuwa na kaulimbiu aliyoichukua kutoka methali ya Kiitaliano: aendaye polepole huenda salama, na aendaye salama hufika mbali. Wahenga wetu walisema mwenda pole hajikwai, wala akijikwaa haanguki. Maneno ni mawili, hekima ni moja.

Wasafiri wengine wa zama zile walifungua njia kwa bunduki. Thomson hakufanya hivyo. Baada ya Ziwa Nyasa alifika Ziwa Tanganyika mwezi Novemba 1879, kisha akaenda mpaka Mto Lukuga, upande wa magharibi, ili kumaliza ubishi uliokuwako. Verney Lovett Cameron alikuwa amesema kwamba maji ya ziwa hutoka kwa mto huo, na Henry Stanley akawa ameonyesha mashaka. Thomson aliyakuta maji yakitiririka kwa nguvu kutoka ziwani kuelekea bonde la Kongo. Alipojaribu kuufuata mto kuingia nchi ya Warua, wenyeji walimkataa kwa ukali, na maisha yake yakawa hatarini. Aligeuka nyuma. Aliona ni afadhali kazi yake ibaki pungufu kuliko kuimaliza kwa damu ya watu. Katika kurudi aliliona Ziwa Rukwa, na mwaka 1880 alifika pwani, na karibu wapagazi wake wote wakiwa hai.

Mwaka 1883 na 1884 alivuka nchi ya Wamasai kwa namna hiyo hiyo, hadi ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Ndiyo maana swala mdogo wa mbuga zetu anaitwa swala tomi, na maporomoko ya Nyahururu nchini Kenya yaliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi.

Alichokiona katika nyanda zetu

Thomson alikuja kutafuta mawe, lakini alikutana na watu waliokuwa katikati ya historia nzito. Wakati huo mtawala wa Wahehe, Munyigumba, alikuwa amefariki karibuni, na mwanawe Mkwawa alikuwa anajijengea mamlaka baada ya mapambano ya kurithi kiti. Kusini walikuwako Wangoni. Wabena walikuwa katikati ya mataifa hayo mawili yenye nguvu, na sehemu yao walikuwa wamelazimika kuhamia bonde la Ulanga. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1881, Thomson aliandika habari za watu aliowapita. Ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa alizisifu sana nyumba za Wanyakyusa, usafi wao na migomba yao.

Maandishi hayo yana thamani, kwa kuwa ni miongoni mwa ushuhuda wa awali ulioandikwa kuhusu nchi hizi kabla ya utawala wa Wajerumani. Hata hivyo, yasomwe kwa busara. Aliyeyaandika alikuwa mpita njia. Alikaa mahali siku chache, alisikia kwa kupitia wakalimani, na alikuwa na dharau fulani ambazo Wazungu wengi wa wakati wake walikuwa nazo juu ya Mwafrika. Mpita njia huona moshi wa jiko, lakini hajui nani amefiwa ndani ya nyumba.

Tena, Thomson hakuwa mtu wa kwanza kuyasoma mawe ya nyanda hizi. Kabla yake, mafundi wa Upangwa na Ukinga walijua udongo upi una chuma, wakauyeyusha katika matanuru yao na kufua majembe na silaha. Hiyo nayo ilikuwa elimu, iliyopokewa kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kuandikwa.

Makaa ambayo hayakuwako

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri Thomson kwenda bonde la Mto Ruvuma, ambako ilisemekana kuna makaa ya mawe. Sultani alikuwa na merikebu za moshi, na makaa yangemletea utajiri. Thomson alikwenda, akachunguza, akakuta mawe meusi ya tabaka yenye mafuta kidogo, yasiyofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Akarudi na kusema hivyo. Habari hiyo haikumpendeza bwana wake, na ajira ikaisha.

Tukio hilo ni dogo, lakini lina uzito katika maadili. Mtaalamu aliyelipwa ili atafute mali alikuwa na kishawishi cha kusema yale ambayo mlipaji alitaka kuyasikia. Angeongeza chumvi kidogo, angebaki kazini. Amri ya nane ya Mungu inamhusu pia mtaalamu anapoandika ripoti yake.

Sisi tunaoishi katika mkoa wa Njombe tunaelewa jambo hili kwa karibu. Wilaya ya Ludewa ina makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, chenye pia titaniamu na vanadiamu. Makaa huzaliwa mahali ambapo mimea ya kale ilizama katika vinamasi, ikafunikwa na matope na mchanga, ikagandamizwa kwa muda mrefu mno. Ndiyo sababu hupatikana katika mabonde yenye miamba ya mashapo, na si katika miamba migumu ya kale sana ambayo Makambako imekaa juu yake. Mwenyezi Mungu hakutawanya vitu ovyo. Anayetaka kuchimba lazima kwanza asome, na akishasoma lazima aseme kweli kwa wananchi: kipo nini, kiasi gani, nani atafaidika, nani atahamishwa, na maji ya mto yatakuwaje. Katika waraka wake Laudato Si', wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na kwamba wenyeji wa mahali wana haki ya kusikilizwa kabla ya miradi mikubwa kuamuliwa.

Elimu iliyowatumikia wengine

Sasa tufike kwenye upande wa pili wa maisha haya. Mwaka 1885 Thomson alitumwa na kampuni ya biashara ya Waingereza katika Mto Niger, akaenda Sokoto na Gwandu na kupata mikataba na watawala wa huko. Mwaka 1890 alitumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga, ili mtemi Msiri awekwe chini ya kampuni hiyo. Msiri alikuwa Mnyamwezi, mtu wa asili ya nchi yetu, aliyejenga ufalme katika nchi yenye shaba. Maradhi yaliuzuia msafara kufika, lakini njiani Thomson alikusanya mikataba kwa watawala wa sehemu ambazo leo ni Zambia. Mwaka uliofuata Msiri aliuawa na msafara mwingine, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Katanga ikawa mali ya mfalme huyo.

Thomson hakumwua Msiri, wala hakupiga watu risasi ili kupata mikataba yake. Alikuja kwa upole wake ule ule, na karatasi mkononi. Mikataba ya namna hiyo iliandikwa kwa lugha na sheria ambazo watawala wengi waliotia alama hawakuzijua, na ilitumiwa Ulaya kama hati za kumiliki nchi. Ramani zilizochorwa na watu wa sayansi zilifuatwa na askari. Katika nyanda zetu pia, miaka michache baada ya safari ya 1879, Wajerumani walifika. Wahehe wakapigana nao tangu 1891, na Mkwawa akafa mwaka 1898.

Safari ya Katanga ilivunja afya ya Thomson. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Si kazi yetu kuihukumu roho yake. Hilo ni la Mungu peke yake. Tunaweza, hata hivyo, kutazama matendo na kujifunza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba sayansi na ufundi vimewekwa kwa ajili ya kumtumikia mwanadamu, na kwamba haviwezi vyenyewe kutupa maana ya maisha wala kipimo cha wema. Mtu anaweza kusema kweli kuhusu mawe, asiulize kweli kuhusu anayemtuma. Anaweza kuwa mpole njiani, na bado safari yake ikaleta dhuluma. Kwa Mkristo, swali la kwanza ni: ninalofanya ni kweli na halina ukatili? Swali la pili, lisilopaswa kusahaulika, ni: kazi yangu inamtumikia nani? Swali hilo linamhusu mpima ardhi, mhasibu, mwalimu, afisa wa kijiji na mwanakamati wa parokia.

Wajibu wa kuandika ya kwetu

Historia ya mahali ikikosa kuandikwa na wenyewe, itaandikwa na mpita njia. Tunayo mifano mizuri. Mwaka 1935 kilipochapishwa kitabu cha Culwick na mkewe kuhusu Wabena wa bonde la Ulanga, sura mojawapo iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, mtawala wa Wabena hao. Naye Padre Elzear Ebner, Mbenediktini wa Peramiho, alikusanya na kuandika historia ya Wangoni. Wao walikaa na watu, wakasikiliza.

Kazi hiyo haijaisha. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo wazee wanaojua maana ya jina la kitongoji, asili ya ukoo, mahali ambapo babu zao walijificha wakati wa vita, na majina ya makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu kufundisha sala. Wapo wanaoweza kueleza kwa nini msitu na mapango ya Nyumbanitu yaliheshimiwa na Wabena. Mzee mmoja akifariki, sehemu ya kumbukumbu hiyo huzikwa pamoja naye.

Vijana wa parokia, hasa waliosoma, wanaweza kufanya jambo jepesi na lenye manufaa: wamtembelee mzee, waombe ruhusa kwa heshima, wamsikilize bila kumkatiza, waandike jina lake, mahali na tarehe, kisha wamsomee walichoandika ili asahihishe. Walinganishe simulizi moja na nyingine, na pia na vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyotunzwa parokiani. Wasifute yaliyo machungu. Vita kati ya Wabena, Wahehe na Wangoni vilikuwako, na biashara ya watumwa ilikuwa na washiriki wenyeji pia. Kumbukumbu iliyosafishwa ili itufurahishe haiwezi kutupatanisha.

Thomson alipita hapa mara moja, akaandika alichokiona, akaenda zake. Sisi tumebaki na nchi hii, mawe yake, mito yake na wazee wake. Tumwombe Mungu atujalie moyo wa kuipenda kweli, hata pale inapotugharimu ajira au heshima, na macho ya kumtambua Muumba katika kazi ya mikono yake. Na Jumapili hii, baada ya Misa, tusiondoke kwa haraka bila kumsalimu mzee aliyeketi kando na kumuuliza alikotoka.